Watoto Watatu na Maji ya Moto ya Mtagata

Kilichonitoa nyumbani ni shina la mgomba. Ninyi ndugu zangu mlioko Bagamoyo mmeuliza kwa nini mtu mwenye duka na akili zake afunge mlango wakati kahawa inavunwa, aende kutembea milimani na watoto. Nitawaeleza kituo kwa kituo, nisije nikachanganya mambo.

Hapa Rugu tunakaa mteremkoni. Watoto wa huku wana mchezo wao. Huchukua shina la mgomba uliokwisha kutoa mkungu, lingali na utelezi wake, wakalipanda kama punda na kuteremka nalo mpaka bondeni. Wangu ni watatu: Sefu ndiye mkubwa, Zuhura anamfuata, na Kombo, ambaye hata meno ya mbele hayajaota upya, anawafuata wote wawili popote, hata pasipofuatika. Siku dada yangu Bi Mwanahawa alipofika na msafara wake kutoka Tabora, hao watatu walikuwa juu ya mlima. Wapagazi walikuwa chini, wametua mizigo. Shina lilipita katikati yao. Mitungi ya samli aliyoinunua njiani haikubaki hata mmoja.

"Salimu," dada akasema, samli ikimchuruzika kwenye ushungi, "hawa ni watoto au ni tetemeko?"

"Ni watoto, dada. Watatu tu."

"Mimi nimehesabu kumi."

"Ni kwa sababu wanakimbia. Ukiwahesabu mara ya pili wanapungua."

Hakucheka. Dada yangu ni mkubwa kwangu, hana mtoto, na anaongoza msafara wake mwenyewe, jambo ambalo wanaume wengi wameliogopa. Akaniambia kwamba amesikia habari zao tangu njiani: mwalimu wa chuo cha Kurani amewafukuza kwa sababu ya siafu kwenye mkeka, na majirani wameficha kuku. Akirudi Tabora ataondoka nao wote watatu, wakae chini ya mkono wake, wasome, watulie. Kwetu shangazi akisema hivyo hajaomba ruhusa, ametoa habari tu. Mke wangu, Mama Sefu, Mnyambo wa hapa hapa, alikuwa anapepeta ulezi. Ungo ukasimama mikononi mwake.

Nilifanya ninachojua kufanya. Dada alitaka watatu, mimi nikasema simtoi hata mmoja. Akashuka akataka wawili wakubwa. Nikasikitika kwa sauti, nikashika kichwa, nikatembea hatua chache kama mtu anayeondoka, kisha nikarudi.

"Wapagazi wako bado wanakusanya ngozi na kahawa," nikasema. "Niachie watoto kwa muda huo. Nitakwenda nao kwenye maji ya moto ya Mtagata na kurudi, tukilala majumbani kwa watu. Tukirudi bila mwenyeji hata mmoja kulalamika, wanabaki wote. Akilalamika mmoja, wachukue wote."

"Lalamiko moja?"

"Moja."

"Hata dogo?"

"Hata la kuku."

Akanitazama kama anayepima kitambaa akitafuta tundu. "Nimekubali," akasema. "Na masikini wee, umejipunja."

Asubuhi ya kuondoka, Mama Sefu alitufungia senene wakavu na ndizi za kuchoma. Nilikuwa nimeandaa kamba ya kumfunga Kombo kiunoni mwangu. Akaichukua mkononi mwangu akaitupa juu ya dari.

"Usiwafunge," akasema. "Wachoshe."

Hakuja mpaka njiani. Nilipogeuka nilimwona amesimama mlangoni akiwa ameshika miimo yote miwili. Nikawahesabu watoto: watatu. Nikarudia: watatu. Tukashika njia ya kaskazini.

Kati ya Rugu na Chonyonyo ni kupanda na kushuka. Juu ni nyika ya majani ambayo wenyeji huiita rweya, wanakolisha ng'ombe wa pembe ndefu, na chini ni vijito. Nilidhani watoto watachoka kabla yangu. Kosa langu la kwanza la hesabu! Nilipopanda kilima mara moja, wao walikipanda, wakashuka kunieleza kilivyo juu, wakapanda tena. Kufika adhuhuri nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikipumua kama mvukuto, nao wananizunguka.

"Baba, unaumwa?"

"Nawaza."

"Unawaza nini?"

"Nani kati yenu anaweza kunipatia mawe saba yasiyofanana kutoka kile kijito?"

Wakatoweka. Nilipumzika vizuri sana. Waliporudi nikayakagua mawe moja moja kama mnunuzi, nikayakataa mawili, wakarudi tena kijitoni. Toka hapo nikajua la kufanya. Kila kijito kilikuwa na kazi, kila mti mrefu ulikuwa mnara wa kuangalia njia, na kila kichuguu kilihitaji mtu wa kunithibitishia kama kina watu ndani. Aliyeleta habari ya kweli alipata senene. Aliyeleta habari ya uongo alipata pia, lakini bila mabawa. Senene hawa walikuwa wamekwisha kunyonyolewa mabawa wote, ila Kombo hakugundua.

Jioni tulifika Chonyonyo kwa bibi mmoja mjane, Kokugonza, ambaye kwa miaka mingi alinunua chumvi kwangu kwa maneno mengi na malipo machache. Watoto wakatoa shikamoo zao safi kabisa. Nikaingia ndani kupokea kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa, nikasahau kwamba nje kulikuwa kimya. Mzazi yeyote ajue: kimya ni ishara mbaya.

Kokugonza ndiye aliyesikia. "Waitu! Migomba yangu!"

Migomba yenye mikungu mizito huku huegemezewa miti yenye panda, isivunjike. Watoto wangu waliiona miti ile, wakaona mikuki. Walikuwa wamekwisha ng'oa mingi, na vita ilikuwa imepamba moto shambani. Mkungu mmoja ulikuwa umelala chini na mgomba wake, na mwingine ulikuwa unaegemea upande kama mlevi.

Bibi alifungua kinywa. Nikaliona lalamiko likija. Nikamuwahi.

"Mama, kabla hujasema. Shamba lako lina migomba mingi isiyo na egemeo?"

"Mingi. Nani wa kunikatia miti? Mimi na mgongo huu?"

"Basi usiseme neno mpaka kesho jua likiwa juu."

Kulipopambazuka niliwapeleka watatu msituni. Sefu alikata, Zuhura alipanda na kuchagua panda zilizo sawa, Kombo aliburuta. Walikimbia kwenda na kurudi wakipiga mayowe, lakini safari hii mayowe yalibeba miti. Shamba lote likaegemezwa, hata mgomba usio na mkungu, maana Kombo hakutaka ujisikie vibaya. Kokugonza alizunguka akitikisa kila mti kwa mkono.

"Una lalamiko, mama?"

"Ninalo," akasema. "Kwa nini hukuwaleta mwaka jana?"

Kutoka Chonyonyo kwenda Nkwenda njia inashuka kwenye bonde la mafunjo. Wenyeji hukata mafunjo hayo na kuyalaza juu ya maji tope, mtu apite juu yake kama kwenye godoro linalotaka kummeza. Niliwapanga: Sefu mbele, Zuhura nyuma yake, Kombo mbele yangu. Katikati nikahesabu: watatu. Nikarudia: wawili na kofia. Kombo alikuwa ametumbukia mpaka kwapani, anacheka, na mkononi ameshika chura. Tulimvuta sote, Zuhura akiwa amelala kifudifudi juu ya mafunjo na Sefu akimshika miguu. Hakuna aliyewafundisha hivyo. Nikaanza kushuku kwamba akili ambayo mwalimu wa chuo aliitafuta kichwani mwao ilikuwa imehamia mikononi na miguuni, na huko ilikuwa inafanya kazi vizuri.

Nkwenda palikuwa na gulio. Niliuza chumvi na shanga, watoto wakashindana kupanda mti uliokuwa pale, mpaka wauzaji wakaacha kuuza wakawa wanashangilia. Hakuna aliyelalamika. Mmoja aliniuliza tu kama huyo wa kike ana mkia.

Siku iliyofuata tulifika kwa Katunzi, mkulima wa kahawa jirani na maji ya moto. Sikuwa namjua ila kwa sifa: mtu wa maneno machache, na kahawa nzuri. Alitukaribisha kwenye msonge wake mkubwa. Mlangoni alikaa mtoto wa rika la Sefu, ameegemea ukuta, anachora mchangani kwa kijiti.

"Huyu ni Kato," Katunzi akasema.

Aliyekaa huku anajua Kato ni nani: ni pacha wa pili. Nikauliza aliko wa kwanza, kisha nikatamani ningeuma ulimi.

"Homa ilimchukua," Katunzi akasema. "Toka hapo huyu hajapanda mti."

Sefu alikuwa amesikia. Akamtazama Kato, akatazama kile alichokuwa akichora, akachuchumaa. "Hiyo ni nini?"

Kato akaendelea kuchora.

"Ni nyoka," Zuhura akasema.

"Si nyoka," Kato akasema polepole. "Ni mto."

"Mto gani usio na samaki?" Kombo akauliza, na bila ruhusa akamtoa yule chura wa mafunjo, ambaye mimi niliapa alibaki bondeni, akamweka juu ya mto. Chura akaruka mapajani mwa Kato. Kato akaruka juu. Dakika ile wanne wote walikuwa wanamfukuza chura kuzunguka nyumba, na Katunzi, aliyekuwa ameshika kata ya maji anipe, akaimwaga yote miguuni mwangu bila kujua.

Kulipokucha tulikwenda kwenye maji ya moto, Kato akiongoza. Maji yanatoka chini ya miamba katikati ya msitu, mvuke unapanda kati ya miti, na watu wenye maumivu hukaa humo wakiugua kwa raha. Watoto wakashindana nani ataweza kutia mguu penye chemchemi yenyewe kwa muda mrefu zaidi. Sefu alishinda kwa kelele. Kato alishinda kwa kweli. Walipanda kila mwamba, wakalishana matunda ya mwituni, wakatupiana maneno na nyani, na katika maneno hayo nyani hawakuambulia kitu. Mimi nililala ndani ya maji mpaka shingoni. Mama Sefu alikuwa amesema niwachoshe, na nilipotazama mikono yangu ilivyokunjamana nikaona kazi inaendelea vizuri, ingawa aliyechoka nilikuwa mimi.

Alasiri, tuliporudi kwa Katunzi, tulikaa nje kuanza habari ya bei ya kahawa. Alitaja bei, nikashtuka kama inavyopasa, na nilikuwa natafuta neno zuri la kumshusha alipotokea Zuhura.

"Baba, Sefu na Kato wamekuwa ndugu."

"Vizuri."

"Wamekula kahawa."

Katunzi akasimama.

Tuliwakuta chini ya mibuni. Walikuwa wamejikwaruza matumboni kwa mwiba, karibu na kitovu, damu kidogo imeshika. Walichuma tunda moja la kahawa, wakalipasua. Ndani ya tunda mna buni mbili zimelala pamoja, kila moja na upande wake bapa. Kila mmoja alichovya buni yake katika damu ya mwenzake akameza. Huu ndio omukago, undugu wa kula, nao hapa haufanywi na watoto. Hufanywa na watu wazima, mbele ya mashahidi, kwa maneno mazito. Aliyeula ni wa nyumba ya mwenzake: anaingia bila kubisha, anakula bila kuuliza, na hakuna mwenye kuufungua mpaka kaburini.

"Nani amewafundisha?" nikauliza.

"Bibi, mama yake mama, alitusimulia," Sefu akasema. "Tumefanya sawa sawa. Zuhura alikuwa shahidi."

"Na mimi!" akasema Kombo.

Nikaleta istighfari kimoyomoyo, maana damu ni haramu, na dada yangu ni mtu wa kufunga hata siku zisizo na lazima. Halafu nikageuka kwa Katunzi. Uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa kwa ndani.

"Ni mchezo wa watoto," nikasema.

"Wamekula," akajibu.

"Nitakupa kitambaa. Na chumvi."

"Kwa nini?"

"Ili yaishe hapa hapa."

Nililazimika kumweleza yote: samli, dada, Tabora, na lalamiko moja. Alinisikiliza mpaka mwisho akichambua kahawa, mbovu huku, nzima huku.

"Huyo dada yako bado yuko Rugu?"

"Yuko."

"Neno hili nitalisema mbele yake. Nakwenda nanyi, na Kato."

Mkinicheka, chekeni, lakini njia ya kurudi ndiyo ndefu kuliko zote nilizopita katika maisha yangu ya biashara. Watoto wanne walikimbia mbele, na nyuma nilitembea na mtu aliyebeba neno asilolitua. Penye gulio la Nkwenda nikampa kisu kizuri. Akakitazama, akanirudishia. Kwenye mafunjo nikamwambia kahawa yake nitainunua kwa bei aliyoitaja, bila kushuka. Akatikisa kichwa.

"Kati yetu sasa hakuna kuuziana namna hiyo," akasema. "Mwanao amekula kwangu."

Sikujua kama ni msamaha au hukumu. Kule Chonyonyo, Kokugonza alitupatia mkungu mzima wa ndizi, akamwambia Katunzi kwamba watoto hawa ni almasi. Katunzi akasema, "Nimewaona," basi. Kila tulipopumzika niliwaza nitakavyomweleza Mama Sefu.

Tuliingia Rugu jioni. Mizigo ya msafara ilikuwa imekwisha fungwa imepangwa uani kwangu, na dada amekaa juu ya mmoja kama mtu anayengoja mitatu iliyobaki. Mama Sefu alitoka mlangoni. Sikuthubutu kumtazama.

Dada akasimama. "Huyu ni nani?"

"Mwenyeji wetu wa mwisho," nikasema.

"Amekuja mwenyewe? Kwa miguu, kutoka Mtagata?" Akatabasamu, na lile tabasamu naliogopa tangu utoto. "Karibu, bwana. Bila shaka una lalamiko."

"Sina lalamiko," Katunzi akasema. "Nina mtoto."

"Mtoto gani?"

"Huyu." Akaweka mkono kichwani pa Sefu. "Amekula kahawa na mwanangu. Nimeambiwa unampeleka Tabora. Nimekuja kukuambia, mama, kwa heshima: ndugu hapelekwi mahali ambapo mwenzake akiumwa hawezi kumfikia. Mwanangu alikuwa na mmoja, amekwenda asikofikika. Huyu wa pili simtoi."

Hata Kombo alisimama.

Dada akanigeukia. "Amekula damu, Salimu? Mtoto wa Kiislamu?"

"Tone, dada."

"Tone!" Akavuta pumzi ya maneno mengi. Kisha sijui alikumbuka nini, pumzi ikatoka bila maneno. Alimtazama Kato, aliyekuwa ameshika ncha ya kanzu ya Sefu, amejaa vumbi na mikwaruzo, na macho yake hayakuwa tena ya yule mtoto niliyemkuta ukutani. Akakaa tena juu ya mzigo.

"Baba yetu alipitaje hapa mara ya kwanza?" akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi. "Nani alimfungulia njia? Alikula kahawa na mzee wa huku, alinionyesha kovu. Na pembe za ndovu alizozipata huku zilipofika pwani hakuna aliyesema haramu." Akagusa kamba ya mzigo aliokalia. "Sisi sote tunakula kwa kovu lile."

Kisha akarudi kuwa dada yangu. "Lakini huyo ni Sefu. Na wale wengine wawili?"

Nilikuwa tayari kuanza kupatana. Zuhura akaniwahi.

"Sisi ni mashahidi, shangazi. Mashahidi wakiondoka, nani atasema?"

Dada alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia toka alipofika, na wapagazi wakageuka kutazama. "Huyu," akasema akimwonyesha Zuhura, "akikua nitakuja kumchukua. Kwa biashara, si kwa adhabu. Na atakuja akitaka mwenyewe."

Katunzi alikaa nasi siku mbili. Kabla ya kuondoka alimwambia Mama Sefu kwamba Kato atabaki hapa mpaka mibuni itakapochanua tena, kisha Sefu aende kwao muda kama huo, na hivyo hivyo kwa zamu. Mama Sefu hakuuliza atalala wapi wala atakula nini. Alikwisha mpa bakuli lake tangu jioni ile, nalo lilikuwa limeoshwa na kupangwa pamoja na ya wenzake.

Mnaotaka kujua nilichojifunza, ni hiki: duka lina pembe nne na mtoto amezikagua zote kabla ya kiamsha kinywa. Mlima hauna pembe. Sasa kila asubuhi nachelewa kidogo kufungua mlango, natoka na watoto kwenda kijitoni, rweyani na msituni, na majirani wamewaachia kuku wao. Mwalimu wa chuo amewarudisha, kwa sharti waje wakiwa wamechoka.

Siku msafara ulipoondoka, nilisimama uani nikiagana na dada. Nikatazama mlimani, kama ilivyo desturi yangu, nikahesabu: wanne. Nikarudia: wanne. Nao walikuwa wamekwisha panda shina jipya la mgomba.

Dada alifuata macho yangu. Akakusanya buibui lake, akawaamuru wapagazi waongeze mwendo, kisha akaweka mikono mdomoni akapiga ukelele ulioitikiwa na bonde zima:

"Ngojeni nipite!"

Wakangoja. Walimngoja mpaka mpagazi wa mwisho alipovuka kijito.